Uzi Wenye Mafundo Mawili

10 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Cherehani haijambo, ila inadai mafuta kila wiki kama mgonjwa anayedeka. Paka wa jirani naye hajambo, maana ameshahamia kwangu na sioni dalili za kurudi kwao. Natumaini wewe na mama mmeamka salama huko ghorofa ya nne, na kwamba ile lifti mliyoahidiwa imeacha kuwa hadithi.

Nyumba yangu imeisha. Ile niliyoanza kuijenga tofali kwa tofali tangu nilipoachika sasa ina paa, ina milango, na nyuma ina uwanja wenye udongo mzuri. Ndani hamna kitu. Nalala kwenye godoro chini, nakula nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na mteja akija kupima gauni nampisha yeye ndoo, mimi nasimama. Ukikohoa jikoni unajijibu chumbani.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwa simu najua tutagombana kabla sijafika katikati, ndiyo maana naandika. Nataka mama aje akae kwangu. Nilipokuja kuwatembelea aliniuliza mara tatu kama udongo wa uwanja wangu ni mweusi au mwekundu, na mtu haulizi hivyo bure. Magoti hayamruhusu ngazi. Hajakanyaga ardhi tangu mlipohamia huko, mwaka wa pili huu.

Fanicha nitatengeneza mwenyewe. Wiki iliyopita watu wa umeme walikata mikaratusi yote iliyokuwa chini ya nyaya, wakayaacha magogo kando ya barabara. Nimewaomba, wamenipa. Usicheke.

Mdogo wako,
Sindano


2 Februari

Sindano,

Marahaba. Huku sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza huyo paka ana rangi gani. Lifti bado ni hadithi, na aliyekuwa akiisimulia amehama mtaa.

Nimecheka, utanisamehe. Baba alikuwa seremala, mimi ni seremala, na wewe tangu utotoni ulikuwa ukikimbia vumbi la mbao ukisema linakuwasha. Leo unataka kupigana na gogo la mkaratusi? Hilo likikauka linapinda, na lisipopinda linapasuka. Fundi wa nguo ni wa nguo. Kama shida ni fanicha, sema, nitakuletea seti nzima. Wewe ni damu yangu.

Kuhusu mama, mimi ndiye mkubwa. Unajua watu watasema nini? Watasema mtoto wa kwanza kashindwa kumtunza mama yake, kamsukumia kwa dada aliyeachika. Samahani kwa neno hilo, lakini ndivyo watakavyosema. Hata hivyo sitaki uje kuniambia kwamba nimekunyima mama. Likizo yangu ni wiki ya kwanza ya Oktoba. Nitakuja naye. Nikikuta kitanda, kiti na meza, vitu vya kueleweka, visivyoyumba, atabaki. Nisipovikuta, narudi naye siku ileile, na jambo hili tusilifungue tena.

Na kiti ni inchi kumi na nane kwenda juu. Hilo nakupa bure.

Kaka yako


14 Februari

Kaka,

Shikamoo. Paka ana madoa. Mwambie mama kwamba nimepanda mchicha uwanjani na kuku wa jirani ameula wote, kwa hiyo nimepanda mwingine.

Masharti nimeyakubali. Kitanda, kiti, meza, Oktoba. Nimeyaandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani.

Seti yako sitaki, na nitakuambia kwa nini, kisha tusiirudie habari hii. Kabati, kitanda na viti sita ulivyonitengenezea nilipoolewa, unajua viliondokaje? Nilisimama mlangoni nimevaa futi ya kupimia shingoni, nikivitazama vikipanda lori kimoja kimoja. Yule bwana alisema ni vya nyumbani kwake. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu sikuvitengeneza mimi, nilivikuta vimeshakuwa viti. Safari hii mtu akija na lori, nitamwambia anionyeshe kila jicho la mti liko upande gani. Akishindwa, ashushe.

Vita ya kwanza nimeshashinda. Kuna mzee mmoja mchoma makaa, mtaa mzima unamwita Mzee Mkaa. Alikuja na mkokoteni asubuhi akasema magogo yote ya barabarani ni yake, imekuwa hivyo tangu zamani. Sikubishana. Nililetewa suruali ya mwalimu wa hesabu kukunja miguu, basi nikaichukua, nikakaa juu ya magogo, nikashona. Saa sita yule mzee alichoka kusimama, naye akakaa. Jioni alikuwa akinionyesha gogo lipi limenyooka na lipi lina ufa ndani. Anagonga kwa kisu, anasikiliza, anasema. Hajakosea bado.

Magome nimeshayabambua. Mikono imeota malengelenge mpaka sindano inaniuma kuishika, lakini magogo yamekaa uwanjani meupe, yanateleza, na nikipita nayapapasa bila sababu.

Nina ombi moja. Mkalishe mama, umpime kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, unitumie. Mimi simshonei mtu nisiyempima, na kiti siwezi kukianza kwa kubahatisha.

Sindano


20 Machi

Sindano,

Marahaba. Sote wazima. Nina kazi nyingi karakana, kwa hiyo nakatisha.

Mama sitampima. Mama si gauni. Kiti ni inchi kumi na nane, dunia nzima inakaa hapo, wafalme na wapishi. Ukianza kumpimia kila mtu kiti chake, hutamaliza hata kimoja.

Ila kwa kuwa umeshabambua magome, na najua huambiliki, sikiliza. Ncha za magogo zipake rangi nzito au nta leo hii, si kesho. Mti hutoa maji haraka kwenye ncha, ndipo unapopasukia. Yaweke kivulini, yasiguse chini, upepo upite katikati. Juani ni kuni.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mchicha wa pili umeota. Nimempa yule kuku onyo la mwisho.

Nta nimepaka. Nilikuwa nimechelewa kwa magogo mawili, yakapasuka hadi katikati, nikampa Mzee Mkaa. Aliyapokea kwa heshima kama mtu anayepewa pole.

Nilitengeneza kigoda cha kujifunzia. Miguu mitatu, nimechonga ndimi, zile ncha za kuingia matunduni, kwa kisu na tupa, nimetoboa matundu kwa keekee ya kuazima, nimegonga, kikasimama. Wiki tatu kimesimama. Mwalimu wa hesabu alipokuja kuchukua suruali nikamkaribisha akae, kwa madaha kabisa. Akakaa. Akasema, "Kumbe ni imara," na kabla hajafunga mdomo miguu mitatu ilikwenda njia tatu. Suruali niliyotoka kumshonea ikapasuka palepale. Nimeishona upya bila malipo, naye akaondoka ameishika kwa nyuma.

Alipokwenda nilikaa chini katikati ya vile vijiti nikalia, sikufichi. Si kwa ajili ya kigoda. Niliiona Oktoba, nikamwona mama akigeuka mlangoni na mkoba wake kurudi kwenye zile ngazi. Kaka, nimekosea wapi? Ndimi zilikaza kabisa siku ile nilipozigonga. Nimezichomoa sasa, zinacheza kama jino bovu.

Mambo mengine mawili, nauliza tu. Barua yako umeiandika nyuma ya karatasi yenye picha ya skrubu, mshale, na mkono usio na mwenyewe. Karakana ya baba haikuwahi kuwa na karatasi za namna hiyo. Na tangu lini mwenye karakana akapewa likizo?

Kipimo cha mama bado nakisubiri.

Sindano


3 Juni

Sindano,

Marahaba. Najua barua imechelewa. Mambo yalikuwa mengi. Mama hajambo, alipumzika kidogo, sasa anaendelea vizuri. Karatasi ni karatasi, na likizo ni likizo. Usinitafute maneno.

Kosa lako nalijua bila kukiona hicho kigoda. Ulichonga ndimi kwa mti mbichi. Zilikaza kwa sababu zilikuwa zimejaa maji. Zilipokauka zikasinyaa ndani ya matundu, basi, kwaheri ya mwalimu. Ulimi lazima uwe mkavu kabisa, ukiugonga ulie. Mguu wenye tundu ndio uwe na unyevu kidogo. Mguu ukiendelea kukauka unajibana, unaung'ang'ania ulimi, na hapo hauhitaji msumari wala gundi. Hata hilo lori lako halitautoa.

Baba alikuwa akizipanga ndimi juu ya jiko wiki nzima, mama anapika chini yake, chakula kinanuka mti na hakuna aliyethubutu kusema. Nilikuwa nimesahau. Nimekumbuka nilipokuwa nakuandikia, nikaacha kalamu kwanza.

Chonga tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kaka yako

[Karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya bahasha hiyohiyo, mwandiko mwingine]

Mwanangu Sindano,

Huyu ni mama. Kaka yako ameshuka kununua stempu, ameacha bahasha wazi, naandika haraka.

Kitanda changu kilivunjika mwezi wa nne, kile cha mbao za kubandika. Nilianguka. Nyonga iliuma sana, sasa natembea. Yeye hatakuambia, aibu inamla. Usimseme.

Amenisimulia habari zako zote za magogo, anajifanya anakucheka. Nimesikia pia unataka kipimo. Huu uzi ni mguu wangu. Fundo moja ni nyuma ya goti, fundo la pili ni kisigino. Nimejipima mara mbili.

Baba yako alinitengenezea viti kumi na kimoja katika maisha yake, vizuri vyote, na vyote nilining'iniza miguu. Sikumwambia. Utamwambiaje mtu aliyekutengenezea kiti?

Namsikia kwenye ngazi.

Mama


19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama alipumzika na anaendelea vizuri. Sitauliza zaidi.

Kipimo cha kiti usijisumbue nacho tena. Nimekipata.

Ndimi nimezipanga juu ya jiko kama baba. Nyumba nzima inanuka mkaratusi, na wateja wanasema gauni zao zinanukia dawa ya kifua. Mzee Mkaa anazigonga kila anapopita na kutikisa kichwa, bado, bado, mpaka juzi akasema haya. Kigoda cha pili nimekigonga siku hiyohiyo. Huyo mzee ni mtu wa kilo tisini. Amekikalia, amekunywa chai, amesinzia, ameamka, amekisifu. Mwalimu wa hesabu amekataa kukikalia, ila amekuja kukitazama kwa mbali.

Sasa cheka, maana najua utacheka. Kitanda. Godoro la mama ni futi tatu na nusu kwa upana. Nikakata miti ya upana futi tatu na nusu kamili, nikachonga ndimi huku na huku, nikaingiza, nikagonga kwa nyundo ya mti mtaa mzima ukajua. Kikasimama. Nikasimama nacho. Nikaleta godoro. Godoro likagoma. Limezidi kwa inchi sita, limekaa juu ya kitanda kama kofia ya kuazima. Nimelipima mara nne nikidhani limenenepa.

Magogo yaliyonyooka yamebaki matano tu. Niambie nimekosea nini kabla sijagusa msumeno.

Sindano


15 Julai

Sindano,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwa sauti, mama akacheka mpaka akashika nyonga. Mbavu, nataka kusema mbavu.

Miaka ishirini unawagombeza wanafunzi wako wasikate kitambaa bila kuacha nafasi ya mshono. Mmoja ulimrudisha kwao kwa kosa hilo, nakumbuka. Na ulimi ni nini, mama wee? Inchi tatu zinaingia ndani ya mguu huku, inchi tatu kule. Umekata gauni la kitanda kipimo cha mwili kwa mwili. Nimecheka kituo kizima cha basi kikanigeukia, kwa sababu niliikumbuka tena asubuhi nikienda kazini.

Kata tena, futi nne kamili. Hivyo vifupi usivitupe, ila hilo najua sina haja ya kukuambia. Wewe hata kipande cha bitana cha kidole kimoja huwa hutupi.

Nakiri jambo moja. Siku hizi nikirudi kazini natafuta barua yako kwanza, kabla ya chakula.

Tunafika tarehe nne Oktoba. Masharti ni yaleyale. Sitakuonea huruma kwa sababu umenichekesha.

Kaka yako


20 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mchicha tumeula. Kuku naye, jirani mwenye kuku huyo aliniletea shingo na mapaja baada ya ugomvi wa tatu, tukayamaliza kwa amani. Paka amezaa, kwa hiyo haondoki tena.

Kitanda kimekwisha. Ni futi nne za miti, godoro limeingia na limenyamaza. Kichwani nimesimamisha miti saba midogo na magome yake, maana nilipofika hapo nilitaka mama akiamka aone kwamba ulikuwa mti. Ni cha chini kuliko ulivyozoea. Usiniulize sababu.

Meza imekwisha. Imetoka kwenye vile vipande vifupi vya kitanda kilichonishinda, vyote, hakuna hata kimoja kilichokwenda jikoni. Ile aibu yangu ya Juni, mama ataiwekea kikombe cha chai.

Na kiti. Mikono ya kiti ilinisumbua, sikuwa na mti uliopinda vizuri. Mzee Mkaa akaja na tawi moja lililogawanyika mara mbili, limepinda kama mkono wa mtu aliyekunja kiwiko. Alisema analo tangu mwaka jana, kila akitaka kulichoma mkono unakataa. Nimelipasua katikati likatoa mikono miwili, wa kushoto na wa kulia. Mzee alikaa akalitazama likiingia mahali pake, akasema, "Basi lilikuwa linasubiri." Nami nikasema ndiyo.

Nina furaha, kaka, sijui niiseme vipi. Natembea ndani ya nyumba nikishikashika vitu. Asubuhi natikisa kitanda kabla ya kupiga mswaki, kinakataa. Mimi niliyekuwa nakaa kwenye ndoo. Waswahili walisema padogo pako si pakubwa pa mwenzako, mimi naongeza kwamba na kigoda chako pia.

Njoo na futi yako. Njoo na jicho la baba. Kikiwa na kosa kiseme mbele ya mama, usinivute pembeni ukanihurumia. Nikishindwa nimeshindwa, nitambebea mkoba mwenyewe hadi kituoni.

Sindano


14 Oktoba

Kwa fundi,

Nimefika salama. Nyumba huku imekuwa kubwa ghafla. Jana nilikohoa jikoni nikajijibu chumbani, nikakukumbuka. Mpe mama salamu, mwambie mito yake nimeianika.

Kuna mambo hukuyaona siku ile, kwa sababu ulikuwa umekwenda jikoni kutuletea maji, na ulipokuja nilikuwa sipo. Nataka uyajue.

Ulipotoka tu, nilianza na kitanda. Nilikitikisa kwa mikono miwili. Nilipanda na goti. Nililala chini nikatafuta msumari, sikuona hata mmoja. Nikaenda kwenye meza, nikaweka kikombe cha chupa yangu ya safari kimejaa maji, nikaisukuma meza kwa nyonga, na maji hayakumwagika. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake akinitazama.

Kisha nikatoa futi nikapima kiti. Inchi kumi na nne. Nikakikalia, magoti yakanifika kifuani. Na hapa lazima nikuambie kweli, hata kama itaniumbua. Nilifurahi. Nilisema moyoni, hapa nimemkamata. Safari yote ndani ya basi nilikuwa nikiogopa kurudi peke yangu, na sasa nimepata kosa. Nikasimama, nikamgeukia mama, nikafungua mdomo kumwambia kwamba kiti kimekosewa na kwamba tunarudi.

Mama akanipita. Akauweka mkoba chini, akashika ile mikono ya kiti, akakaa. Nyayo zake zote mbili zikatulia sakafuni, kisigino hadi kidole. Akavua viatu. Akavichezesha vidole juu ya saruji kama mtu anayejaribu maji, akaegemea, akafumba macho. Akasema, "Haya. Leo nimekaa."

Dada, mimi nina miaka hamsini na nne. Nimemwona mama akikaa kila siku ya maisha yangu, na sikuwahi kuiona miguu yake ikining'inia. Baba hakuiona. Mafundi wawili ndani ya nyumba moja, tunapima mbao mpaka nusu ya nusu inchi, na hatukuwahi kumpima aliyekuwa akizikalia. Wewe uliyekuwa ukikimbia vumbi ndiye uliyeuliza, na mimi nilikujibu kwamba mama si gauni.

Nilipokuitia kule jikoni kwamba naenda kuangalia gari, hapakuwa na gari. Tulikuja kwa basi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na mchicha wako nikalia, mpaka yule mzee wa makaa akaja akasimama kando yangu, akatazama upande mwingine kwa adabu. Ndiyo maana niliporudi nilisema neno moja tu, "Abaki," na wewe ukamwaga maji.

Sasa la kwangu. Karakana nimeifunga tangu tulipohamia ghorofani. Watu wanataka fanicha za kwenye maboksi, nami nimeajiriwa dukani kukaza skrubu zake. Zile karatasi ni maelekezo yake. Kitanda kilichomwangusha mama nilikikaza kwa mikono hii, naye akaanguka nikiwa chumba cha pili. Mama ameniambia habari za ule uzi aliokutumia, na kwamba ulijua tangu Juni. Miezi minne unajua na hukunisema, hata nilipokuwa nakusema wewe. Asante. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Nimelitoa tezo la baba, lile la kuchongea, kwenye gunia. Lilikuwa na kutu, nimelinoa, sasa linanyoa nywele za mkono. Ijumaa ya mwisho wa mwezi napanda basi tena kwenda kwenu. Umesema yule mwalimu wa hesabu ameomba vigoda sita, ingawa bado anaogopa kuvikalia. Ndimi nitachonga mimi, kama utanikubali. Vipimo vyote ni vyako, sitatia neno.

Na mwisho nina ombi, nalo nitalisubiria zamu kama wateja wengine. Mimi ni mrefu. Nimekalia inchi kumi na nane tangu niache kutambaa, magoti yananipanda, mgongo unauma, na nilidhani ndivyo kukaa kulivyo. Naomba kiti.

Kujipima nyuma ya goti peke yako ni kazi, nimerudia mara tatu, na sasa huku sina wa kunishikia. Lakini nimeweza. Ndani ya bahasha utakuta uzi wenye mafundo mawili. Huo ni mguu wangu.

Kaka yako